Alama ya Kuzaliwa: Ipi Isubiriwe, Ipi Iwahiwe, Ipi Ikatwe

Mtoto ana siku kumi. Karibu na pembe ya jicho kuna doa jekundu, dogo kama pahali palipoumwa na mbu. Siku aliyozaliwa halikuwepo, au lilikuwepo limefifia kiasi kwamba hakuna aliyelitilia maanani. Mama anaambiwa, "Hiyo ni alama tu ya kuzaliwa, itaisha yenyewe." Wiki ya sita doa lile limekuwa uvimbe mwekundu kama tunda la forosadi na kope imeanza kuelemewa. Hapo ndipo safari ya kumtafuta daktari bingwa inapoanza, wakati wiki zilizokuwa na thamani kuliko zote zimeshapita.

Zipo alama zinazoisha zenyewe kweli. Kosa ni kuzitia zote kapu moja. Tunasema "alama ya kuzaliwa" au "baka" kwa vitu ambavyo kitabibu havina undugu: mishipa ya damu inayoota kwa kasi, mishipa iliyotanuka ambayo haitaondoka maisha yote, rangi iliyokwama chini ya ngozi, au seli za rangi zilizorundikana pamoja. Dawa inayofaa kimoja haifai kingine, na mara nyingine hudhuru. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari lisiwe "litatokaje?" bali "hili ni nini hasa?"

Damu au rangi?

Alama nyingi ni za koo mbili. Za damu hutokana na mishipa midogo, na huwa nyekundu, waridi au zambarau. Za rangi hutokana na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, au seli zinazoitengeneza, na huwa za kahawia, nyeusi au za buluu yenye kijivu. Kwenye ngozi nyeupe tofauti huonekana mara moja. Kwenye ngozi nyeusi lazima utulie uangalie, kwa sababu baka la mishipa huweza kuonekana kama weusi uliokolea wenye zambarau kwa mbali, likadhaniwa ni la rangi.

Chukua glasi ya kioo, safi, isiyo na nakshi. Mpeleke mtoto dirishani mchana, ubonyeze ubavu wa glasi taratibu juu ya alama huku ukitazama kupitia kioo. Ikififia ukibonyeza na kurudi ukiachia, mara nyingi ni ya damu. Isipobadilika, huenda ni ya rangi. Kama iko usoni, tazama pia ndani ya mdomo upande huohuo: ufizi na upande wa ndani wa shavu havina weusi mwingi wa kuficha, na baka la mishipa lililoenea hadi huko hujitokeza waziwazi. Kipimo hiki hakikupi jina la ugonjwa, ila kinakusaidia kumweleza daktari ulichokiona.

Kisha piga picha. Weka sarafu kando ya alama ili ukubwa uonekane, tumia mwanga wa dirisha badala ya taa ya simu, na kwa mtoto mchanga rudia kila wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo. Picha nne za wiki nne zinamwambia mtaalamu jambo ambalo uchunguzi wa siku moja hauwezi kumwambia: kama kitu kinakua au kimetulia.

Madoa ya buluu-kijivu ya makalioni na kiunoni tuyaweke kando mapema. Watoto wengi sana wa Kiafrika na wa Kiasia huzaliwa nayo. Ni seli za rangi zilizobaki chini mimba ilipokuwa ikikua, kabla hazijafika juu ya ngozi. Mengi hufifia kabla mtoto hajaanza shule, na hayahitaji dawa wala leza, yaani tiba ya mwanga mkali wa mashine. Jambo moja tu kwa familia zinazoishi Ulaya au Marekani: madoa haya huweza kudhaniwa ni michubuko ya mtoto aliyepigwa. Mwombe mkunga au daktari ayaandike kwenye kadi ya mtoto tangu mwanzo, mahali yalipo na ukubwa wake. Mchubuko hubadilika rangi ndani ya siku chache, madoa haya hukaa vilevile.

Hemanjioma: hapa saa inakwenda

Lile doa la pembeni mwa jicho ni hemanjioma ya watoto wachanga. Ni uvimbe wa seli za mishipa ya damu, si saratani, na huwapata watoto kama 4 au 5 katika kila 100, zaidi wasichana, watoto njiti na waliozaliwa na uzito mdogo. Ina ratiba yake. Hujitokeza katika wiki za mwanzo, hukua kwa kasi kubwa kati ya wiki ya 5 na ya 8, na mtoto akifika miezi 3 nyingi zimeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wake wa mwisho. Baadaye hutulia, halafu hunywea polepole kwa miaka kadhaa.

Neno "itaisha" limetoka kwenye huko kunywea, na linasahau mambo mawili. Kwanza, uvimbe ukinywea haumaanishi ngozi imerudi ilivyokuwa. Si wachache wanaobaki na ngozi iliyolegea, kinundu cha mafuta, kovu au vimishipa vinavyoonekana. Pili, kabla haijanywea inaweza kuwa imeshaharibu kitu. Mtoto aliyefunikwa jicho hata kwa wiki chache huweza kupoteza uoni wa jicho hilo, kwa sababu ubongo wake bado unajifunza kuona na jicho lisiloletewa picha huachwa nyuma. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani wa mwaka 2019 unataka hemanjioma zenye hatari zionwe na mtaalamu mtoto akiwa na umri wa kama mwezi mmoja. Kwetu, ambako wengi hupewa tarehe ya kliniki ya wiki sita mbele, hili halina budi kusemwa kwa sauti: mwenye alama inayokua asisubiri tarehe.

Zenye hatari ni zipi? Zilizo karibu na jicho, ncha ya pua au mdomo. Zilizotapakaa kidevuni na shingoni mahali ndevu huota, kwa kuwa nyingine huweza kuwa ndani ya njia ya hewa. Mtoto akianza kupumua kwa sauti kama anayekoroma huku yuko macho, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kubwa za usoni, ambazo huweza kuambatana na kasoro za mishipa ya ubongo au za moyo. Za chini ya mgongo katikati, zinazotaka uti wa mgongo uchunguzwe. Na mtoto mwenye vidoa vitano au zaidi apimwe ini kwa ultrasaundi, hata vidoa vyenyewe vikiwa vidogo.

Dawa iliyobadilisha kila kitu iligunduliwa kwa bahati. Huko Bordeaux, Ufaransa, mtoto aliyekuwa akitibiwa hemanjioma ya pua kwa steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, alipata tatizo la moyo, akapewa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu. Siku iliyofuata uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kulainika. Christine Léauté-Labrèze na wenzake walitangaza matokeo hayo mwaka 2008, na mwaka 2014 dawa ya maji iliyotengenezwa mahususi kwa watoto hawa ikaidhinishwa Marekani na Ulaya. Leo propranololi ndiyo chaguo la kwanza kwa hemanjioma yenye hatari.

Kipimo huandikwa na daktari baada ya kusikiliza moyo na kumpima mtoto uzito, lakini mzazi anastahili kuelewa hesabu yake. Kwa kawaida huanza na miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, ikigawanywa mara mbili, kisha hupandishwa hadi miligramu 2, na wengine hufika 3. Mtoto wa kilo 5 ataanza na miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni, baadaye 5 na 5. Kati ya dozi na dozi zipite angalau saa 9: mathalani saa 1 asubuhi na saa 11 jioni. Baada ya dozi ya kwanza, na kila dozi inapopandishwa, mapigo ya moyo na presha hufuatiliwa kwa saa 2. Mtoto njiti, aliye chini ya wiki 5 au mwenye maradhi mengine huanzishiwa akiwa amelazwa.

Makosa makubwa hutokea kwenye chupa. Propranololi ya maji haina nguvu moja: kuna yenye miligramu 5 ndani ya mililita 5, na kuna yenye miligramu 40 ndani ya mililita 5 hizohizo. Mama aliyezoea kuvuta mililita 5 kwenye bomba la sindano, akinunua chupa ya pili duka jingine bila kusoma lebo, atampa mtoto dozi mara nane. Kila ukinunua, mwonyeshe mfamasia chupa ya zamani na umwambie akuwekee alama kwenye bomba. Palipo na vidonge tu, vingi vya miligramu 40, usivigawe nyumbani: miligramu 2.5 ni sehemu moja ya kumi na sita ya kidonge, na hakuna kisu cha jikoni kinachoweza kazi hiyo. Mfamasia wa hospitali ndiye wa kuandaa dawa ya maji.

Kosa la pili ni kumpa mtoto dawa akiwa na njaa. Propranololi huweza kushusha sukari ya damu na kuzima dalili zinazomwonya mzazi. Dawa itolewe mtoto akinyonya au mara tu baada ya kunyonya. Aliye chini ya wiki 6 asikae zaidi ya saa 4 bila kulishwa, hata usiku. Akitapika, akiharisha au akikataa kunyonya, dawa isimamishwe kwanza na daktari ajulishwe. Katika nchi zetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu malaria nayo hushusha sukari: mtoto mwenye homa anayetapika huku akiendelea na propranololi yuko hatarini mara mbili. Mtoto kulowa jasho la baridi, kulegea, kutetemeka au kuamka kwa shida ni dharura. Simamisha pia akibanwa na kifua na kutoa mlio wa filimbi anapopumua. Ukisahau dozi, iache, subiri inayofuata. Akitema, usirudie.

Dawa huendelea kwa angalau miezi 6, mara nyingi hadi karibu na mwaka mmoja wa umri, na dozi huhesabiwa upya kadiri uzito unavyoongezeka. Wanaoacha mwezi wa tatu kwa kuona doa limefifia huweza kukuta limeota tena.

Hemanjioma ndogo, nyembamba, iliyo mahali pasipo na hatari, huweza kutibiwa kwa timololi ya asilimia 0.5, dawa ya matone ya macho, inayopakwa juu yake tone moja mara mbili kwa siku. Isipakwe kwenye kidonda, kwa kuwa hapo huingia mwilini kupita kiasi. Hemanjioma za mdomoni na za eneo la nepi huchanika kwa urahisi. Zisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, zipakwe vaselini na kufunikwa kwa shashi isiyonata. Ikitoka damu, bana kwa kitambaa safi kwa dakika 10 kamili bila kufunua kuchungulia.

Baka la zambarau lisiloondoka

Watoto wengi huzaliwa na wekundu hafifu katikati ya paji la uso, kwenye kope au kisogoni, unaokolea wakilia. Wa usoni huisha ndani ya mwaka mmoja au miwili; wa kisogoni huweza kubaki, na nywele huufunika. Huo si tatizo.

Baka la zambarau, ambalo Wazungu hulifananisha na divai nyekundu, ni jambo jingine. Mara nyingi hushika upande mmoja, lina mpaka ulio wazi, halikui kwa kasi na halifutiki. Huwapata watoto kama 3 katika kila 1000. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba chanzo chake ni badiliko la jeni iitwayo GNAQ, lililotokea katika baadhi ya seli baada ya mimba kutungwa. Halikurithiwa, wala mama hakulisababisha. Wapo wanaosema alijikuna wakati wa kupatwa kwa mwezi au alinyimwa chakula alichokitamani. Hakuna ukweli wowote hapo, na mama anayenyooshewa kidole anaonewa.

Baka likishika paji la uso au kope ya juu, mtoto achunguzwe ugonjwa wa Sturge-Weber, ambapo mishipa ya jicho na ya utando wa ubongo nayo imeathirika. Presha ya jicho ipimwe mapema na kurudiwa kwa miaka, na degedege lolote lipelekwe kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Uchunguzi huu hutangulia mazungumzo yote ya urembo.

Tiba yake kuu ni leza. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish, madaktari wa Boston, walieleza kanuni ambayo leza za ngozi zinaifuata hadi leo: chagua rangi ya mwanga inayofyonzwa zaidi na kile unachotaka kukiharibu, na uupige kwa muda mfupi kiasi kwamba joto halipati nafasi ya kusambaa pembeni. Rangi hiyo ya mwanga hupimwa kwa nanomita, yaani urefu wa wimbi lake. Kwa mishipa, mwanga wa nanomita 595 hufyonzwa na damu, mshipa hupikika kwa ndani, na nyama iliyouzunguka husalimika.

Lakini melanini nayo hufyonza mwanga huo, na iko juu ya mishipa. Ni kama kumulika tochi kupitia kanga nyeusi: mwanga mwingi hubaki kwenye kitambaa, na kitambaa ndicho kinachopata joto. Kwa hiyo mashine iliyopangwa kwa ngozi ya Mzungu, ikitumiwa bila kubadilishwa kwenye ngozi yetu, huleta malengelenge, madoa meusi ya miezi kadhaa, au madoa meupe yanayoweza kuwa ya kudumu. Hii haimaanishi mtu mweusi hatibiki. Inamaanisha mtaalamu hupunguza nguvu, hurefusha kila pigo la mwanga, huipoza ngozi zaidi na huachanisha mizunguko ya tiba. Wengine hutumia leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ambayo melanini huifyonza kwa kiasi kidogo kuliko ile ya 595 na ambayo hupenya chini zaidi. Nayo ina hatari yake: kwa baka hili, tofauti kati ya nguvu inayofunga mshipa na nguvu inayoacha kovu ni ndogo, hivyo inataka mkono uliozoea.

Siku ya kwanza hupigwa eneo dogo la majaribio, pembeni mwa baka, na kusubiriwa wiki 4 hadi 8, kwa sababu madoa meusi na meupe hayaji siku hiyohiyo. Anayetaka kukutibu uso mzima siku ya kwanza, ondoka. Siku ya tiba ngozi husafishwa, vipodozi vyote hutolewa, na kila aliyemo chumbani huvaa miwani. Kope ikitibiwa, ngao ya chuma huwekwa chini yake baada ya matone ya ganzi. Kila pigo hutanguliwa au huambatana na hewa au dawa ya kupoza, na huumiza kama mpira wa kufungia noti ulioachiwa juu ya ngozi. Krimu ya ganzi hupakwa saa moja kabla. Kwa mtoto mchanga kiasi chake huhesabiwa kwa uzito, kwani ikizidi huweza kuifanya damu ishindwe kubeba hewa. Mabaka makubwa ya watoto hufanywa kwa nusu kaputi.

Baada ya leza ya nanomita 595, eneo huwa la zambarau iliyoiva kama lililopigwa, kwa siku 7 hadi 14. Hiyo ni damu iliyotoka kwenye mishipa iliyopasuka, na ilitarajiwa. Paka vaselini mara mbili tatu kwa siku, usikwangue, usisugue kwa dodoki, kinga jua kwa kofia na krimu ya kinga ya SPF 30 au zaidi. Lengelenge au gamba nene si la kawaida: rudi kliniki, na mzunguko unaofuata nguvu ipunguzwe.

Matarajio yawe ya kweli. Mizunguko 8 hadi 15 ni kawaida, kila mmoja baada ya wiki 6 hadi 8 kwa ngozi nyeusi, na wengine huhitaji zaidi. Baka kuisha kabisa ni kwa wachache. Kufifia kwa kiasi kinachoonekana ni kwa wengi. Pembeni mwa uso hujibu vizuri kuliko katikati, na miguu ndiyo hujibu kidogo kuliko kote. Kuanza utotoni husaidia, kwa kuwa ngozi bado nyembamba na eneo bado dogo. Baada ya miaka, rangi huweza kurudi kidogo. Lisipotibiwa, baka la usoni huelekea kukolea na kunenepa ukubwani, na huweza kuota vinundu vinavyotoka damu.

Za rangi, na mahali pa kisu

Mabaka bapa ya rangi ya chai ya maziwa hayana madhara yakiwa moja au mawili. Yakiwa sita au zaidi, kila moja likizidi milimita 5 kwa mtoto ambaye hajabalehe, daktari atachunguza nyurofibromatosi aina ya 1, ugonjwa wa jeni unaootesha vivimbe kwenye neva. Leza huweza kuyafifisha lakini mengi hurudi, na kwenye ngozi nyeusi huweza kurudi yakiwa meusi zaidi. Ushauri wetu ni kuyaacha.

Baka la Ota, la buluu-kijivu linalozunguka jicho na wakati mwingine kuingia kwenye weupe wa jicho, ni kinyume chake. Rangi yake iko chini sana, na leza ya Nd:YAG ya mapigo mafupi mno, ya nanosekunde au pikosekunde, huivunja vipandevipande ambavyo mwili huvisomba wenyewe. Mizunguko kadhaa, kila mmoja baada ya miezi 2 au 3, huleta matokeo mazuri kwa wengi. Presha ya jicho ipimwe hapa pia.

Alama nyeusi au ya kahawia iliyoinuka, mara nyingi yenye nywele, ni rundo la seli za rangi. Hupangwa kwa ukubwa itakaoufikia mtoto akiwa mtu mzima: ndogo ni chini ya sentimita 1.5, ya kati hadi 20, kubwa ni zaidi ya hapo, na jitu ni zaidi ya 40. Ndogo zina hatari ndogo sana ya kugeuka saratani. Jitu ina hatari ya kweli, na ikiambatana na vidoa vingi vya pembeni mtoto hufanyiwa MRI (picha za ndani zinazopigwa kwa sumaku) ya ubongo na uti wa mgongo, ikiwezekana kabla ya miezi 6.

Leza haishauriwi hapa kama tiba ya kawaida. Inafuta rangi ya juu na kuacha seli za chini, hivyo kitu kikibadilika huko chini, ile rangi ambayo ingekuonya haipo tena. Njia ni kisu, kwa wanaohitaji. Daktari hukata kwa umbo la jani, urefu ukiwa kama mara tatu ya upana, ili ncha za mshono zilale bapa. Kwa hiyo alama ya sentimita 2 huacha mstari wa kama sentimita 6. Mgonjwa achorewe mstari huo kwa kalamu kabla ya kukubali. Alama pana zaidi hukatwa kwa awamu, kipande baada ya kipande kila miezi 3 hadi 6, ngozi ya jirani ikipata muda wa kuvutika. Zilizo kubwa huwekewa puto chini ya ngozi ya jirani isiyo na alama, likajazwa maji ya chumvi kila wiki kwa miezi 2 au 3, mpaka ngozi itoshe kufunika pengo. Matatizo yanayotokea mara nyingi ni maambukizi, puto kuvuja, au puto kutokeza nje ya ngozi. Uvimbe wenye joto na wekundu usisubiri miadi. Kupandikiza ngozi kutoka paja ni njia ya mwisho usoni, kwa sababu kiraka hubaki na rangi tofauti na mtoto akikua huweza kukaza.

Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku 5 hadi 7, za kiwiliwili 10 hadi 14. Kwa ngozi ya Kiafrika kitisho kikubwa ni keloidi, lile kovu nene linalopanuka kuvuka mipaka ya kidonda. Kifua, mabega, masikio na taya ndizo sehemu mbaya. Mwenye keloidi katika familia aseme kabla ya kisu kushikwa. Kovu likianza kuwasha na kuinuka, plasta ya silikoni ikivaliwa saa 12 au zaidi kwa siku, na sindano za triamsinoloni (aina ya steroidi) ndani ya kovu kila baada ya wiki 4 hadi 6, hufaa zaidi zikianza mapema. Kukata keloidi peke yake bila tiba nyingine huirudisha, mara nyingi kubwa kuliko ya mwanzo.

Kinachouzwa mitaani

Mkorogo haufiki kwenye mishipa wala kwenye rangi ya chini. Steroidi kali iliyomo huikondesha ngozi na kutanua vimishipa, kwa hiyo baka la damu hukolea. Zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Haidrokwinoni ya muda mrefu huleta weusi wa buluu usiotibika kirahisi. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo pwani watu huchomea vinyama, huunguza kila kinachoguswa na huacha kovu badala ya alama. Hata kugandisha kwa baridi, kunakofaa kwa sugu na vinyama, hakufai hapa: seli za rangi hufa kwa nyuzi chache tu chini ya sifuri, kabla ya seli nyingine za ngozi, na mweusi hubaki na duara jeupe.

Ukienda kwenye kliniki yenye leza, uliza: mashine ni ya nanomita ngapi? Inapoza ngozi kwa njia gani? Mmetibu ngozi nyeusi kama yangu alama kama hii, na picha ziko wapi? Nani ameipa alama hii jina? Mashine nyingi za saluni ni za kuondoa nywele. Mwanga wake unatafuta melanini, na kwenye ngozi nyeusi isiyopimwa utaipata palepale juu. Kliniki za ngozi zipo katika hospitali za Muhimbili jijini Dar es Salaam, Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala, na katika hospitali ya KCMC mjini Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, wakiwemo maofisa tabibu wanaorudi kufanya kazi wilayani. Huenda karibu nawe hakuna leza, lakini mtu wa kulipa baka jina lake mara nyingi yupo, na kwa hemanjioma dawa inayotakiwa ni ya zamani na ya bei nafuu.

Kwa aliyekatwa, kilichoondolewa kisitupwe. Kiwekwe kwenye chupa ya fomalini (dawa ya kukizuia kisioze) ya asilimia 10, fomalini iwe angalau mara kumi ya kipande chenyewe, na kiandikwe jina, tarehe na sehemu ya mwili kilikotoka. Fuatilia majibu ya maabara mpaka uyashike mkononi, hata kama kidonda kimeshapona na hakuna aliyekupigia simu.